Shaba, Sumaku na Kasumba

Umezuka tena, katika mikutano ya walimu na katika ofisi za wakuu wa shule, usemi wa kale ambao wengi walidhani umekwisha kuzikwa. Husemwa kwamba Kiswahili ni lugha njema ya sokoni, ya kambi za askari, ya nyimbo na ya maamkizi. Lakini ikifika zamu ya fizikia, Kiswahili hakina budi kutoka nje ya darasa na kukiachia Kiingereza kiti. Wasemao hivyo si wageni. Ni wenzetu, tena wengine ni walimu wa Kiswahili, wanaokula mkate wao kwa lugha hii na kisha kuitolea ushahidi wa uongo.

Sisi walimu wa Kiswahili wa pande hizi za Kakiika, Mbarara na Nakivale twasema kwamba usemi huo ni kasumba. Wala hatutaujibu kwa kelele, maana debe tupu haliachi kutika. Tutatwaa jambo moja la fizikia, tena si la darasa la kwanza bali lile ambalo wataalamu wa dunia bado wanalihangaikia: uchunguzi wa fuwele za oksidi ya shaba kwa njia ya spini za elektroni. Tutalieleza kwa Kiswahili, na msomaji ataamua mwenyewe kama lugha imepungukiwa, au ni sisi tuliopungukiwa na nia.

I. Mahali tulipo

Kakiika imo ndani ya Mbarara, mji ambao tangu Julai 2020 ni jiji, na ambao tangu 1989 una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Upande wa kusini, katika Wilaya ya Isingiro, yako makazi ya Nakivale, yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo yana watu zaidi ya laki moja, waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Watu hao hawana lugha moja ya mama. Lakini Mkongomani wa Uvira na Mrundi wa Rumonge wakikutana kisimani au penye foleni ya chakula, hawaanzi kutafuta mkalimani. Huzungumza Kiswahili.

Sasa tutazame yampatayo kijana wao. Kwao alisoma kwa Kifaransa, pengine akafika kidato cha tatu. Akivuka mpaka huambiwa kwamba hajui Kiingereza, na kwa hiyo hurudishwa kuketi na watoto wa darasa la tano au la sita. Akili yake haikupungua njiani. Hesabu aliyoijua jana bado anaijua leo, ila hakuna amwulizaye kwa lugha atakayoielewa. Mwalimu wa sayansi huandika ubaoni, naye hunakili maneno kama mtu achoraye picha za majani. Halafu, wakati wa mapumziko, wanafunzi hao hao huelezana somo kwa Kiswahili, na hapo ndipo somo linapoanza kuwaingia. Tunachokitetea basi si heshima ya lugha peke yake. Ni miaka ya watoto, ambayo ikipotea hairudishwi.

II. Shaba si ngeni kwetu

Hatukuchagua shaba kwa bahati nasibu. Madini haya na lugha hii wamesafiri pamoja. Kabla ya ukoloni, watu wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kuikalibu kwa umbo la misalaba, nayo ikatumika kama fedha. Katika karne ya 19 Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alisimika dola yake ya Garenganze huko huko kwenye shaba, na misafara ikaiunganisha nchi ile na pwani zote mbili za Afrika, hadi alipouawa mwaka 1891. Wakaja Wabelgiji na kampuni yao ya Union Minière mwaka 1906; na katika migodi na miji ya wachimbaji, Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Tangu 1971 hadi 1997 jimbo zima la Katanga liliitwa kwa jina rasmi la serikali: Shaba. Ni wapi pengine duniani ambapo jimbo kubwa limepewa jina la elementi ya kemia kwa lugha yetu?

Hapa Uganda nako, Kilembe karibu na Kasese ilichimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982. Reli ikapelekwa Kasese kwa ajili yake, na madini yakayeyushwa Jinja. Kwa hiyo mwenye kudai kwamba shaba ikiingia maabara ni lazima ivuliwe jina lake, na atueleze sheria hiyo aliitoa wapi.

III. Somo lenyewe

Twaa kipande cha waya wa umeme, ukivue ganda lake, ukishike kwa koleo juu ya moto mkali. Shaba nyekundu itavaa weusi. Weusi huo ni oksidi ya shaba, ambamo kila atomu moja ya shaba imefungamana na atomu moja ya oksijeni. Iko oksidi nyingine, nyekundu, ambamo atomu mbili za shaba hushirikiana oksijeni moja. Tofauti yao imo katika elektroni. Katika oksidi nyekundu kila elektroni ya shaba ina mwenziwe. Katika oksidi nyeusi kila atomu ya shaba imebakiwa na elektroni moja iliyo pweke.

Elektroni hiyo pweke hufanya kazi kama sumaku ndogo mno. Sifa iifanyayo iwe hivyo huitwa spini, nayo ilitangazwa mwaka 1925 na vijana wawili wa Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit. Ukiiweka elektroni ndani ya uga wa sumaku, ina namna mbili tu za kusimama: kuufuata uga huo au kuupa kisogo. Kati ya hali hizo mbili ipo tofauti ya nishati. Ukiipelekea mawimbi ambayo masafa yake yanalingana barabara na tofauti hiyo, elektroni hupokea nishati na kugeuka. Masafa yakipungua au yakizidi, haishughuliki.

Kila mtoto aliyewahi kupanda bembea analijua jambo hili mwilini mwake. Anayesukuma bembea kwa wakati wake huipandisha juu kwa nguvu ndogo. Anayesukuma ovyo huchoka bure. Kwa elektroni, uga wa tesla 0.34 hivi hudai mawimbi yatikisikayo kiasi cha mara bilioni 9.5 kwa sekunde. Aliyeiona ishara hiyo kwanza ni Yevgeny Zavoisky, katika mji wa Kazan, mwaka 1944, vita vikiendelea. Miongoni mwa vitu alivyovichunguza mapema mlikuwamo chumvi za shaba. Tangu hapo njia hii imekuwa sikio la fizikia: huisikiliza elektroni pweke popote ilipo, na kutokana na itikio lake mtaalamu hujua majirani zake ni nani na wamekaaje. Atomu za shaba zikitawanywa chache chache ndani ya fuwele nyingine, itikio hugawanyika mistari minne, kwa sababu kiini cha shaba nacho kina spini yake, ambayo ni 3/2.

Sasa tuingie ndani ya fuwele ya oksidi nyeusi, ambamo elektroni pweke hazikutawanyika bali zimejaa kila pembe. Hapo haziishi kila moja kivyake. Kwa kupitia atomu ya oksijeni iliyo kati yao, elektroni mbili za jirani hushurutishana: huyu akielekea juu, yule huelekea chini. Safu nzima hujipanga hivyo, juu na chini, juu na chini, mpaka jumla ya usumaku wote ni sifuri. Mtu akiileta sumaku ya kawaida hataona kitu. Lakini asidhani kwamba ndani hamna nguvu. Timu mbili zinapovuta kamba kwa nguvu zilizo sawa, kamba haiendi popote. Je, twaweza kusema kwamba hakuna anayevuta? Mfaransa Louis Néel aliufikiria mpangilio huu katika miaka ya 1930, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel. Katika oksidi nyeusi ya shaba mpangilio huo huanza halijoto ishukapo hadi kelvini 230 hivi, yaani nyuzi 43 chini ya sifuri ya Selsiasi. Na ikishuka chini ya kelvini 213 hivi, hutengenea kabisa. Mwaka 2008 Tsuyoshi Kimura na wenzake walionesha kwamba kati ya vipimo hivyo viwili spini za fuwele hii hujisokota, na msokoto huo huzaa utengano wa chaji za umeme. Basi jambo tunalolisimulia bado li hai.

Ikawaje, basi, wataalamu walipoielekeza njia ya Zavoisky kwenye oksidi hii? Wengi walitega sikio, na fuwele safi haikuitika. Kwa vyombo vya kawaida hakuna mstari unaoonekana, hata halijoto ikiwa ya chumbani, ambako mpangilio wa safu ndefu umekwisha kuvunjika. Sababu yake imejadiliwa kwa miaka mingi. Itajwayo zaidi ni kwamba mshurutisho baina ya majirani ni mkali mno, wala hauvunjiki mara moja joto linapopanda; kwa hiyo itikio hutanuka na kutanuka mpaka haliwezi kutofautishwa na utupu.

Kimya hicho kilipata uzito mwaka 1986. Katika mwaka huo Georg Bednorz na Karl Alex Müller, wakifanya kazi karibu na Zürich, waligundua kwamba oksidi fulani za shaba zilizochanganywa na lanthani na bari hupitisha umeme bila ukinzani katika halijoto ambayo hapo awali haikutarajiwa. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 tu, mwaka mmoja baadaye. Müller mwenyewe alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake katika uchunguzi wa spini za elektroni. Na oksidi ya lanthani na shaba, ambayo ndiyo mzazi wa jamii hiyo, nayo ina mpangilio ule ule wa juu na chini, nayo vile vile ni kimya. Watafiti walikimbilia kusikiliza. Wengine wakasikia ishara, wakashangilia. Baadaye ikadhihirika kwamba katika oksidi ya itri, bari na shaba ishara nyingi zilitoka kwenye uchafu wa rangi ya kijani uliobaki ndani ya sampuli wakati wa kuichoma, wala si kwenye kitu chenyewe. Waliosikia sauti ndio waliodanganyika. Na kimya, kilipochunguzwa kwa subira, kilifunza mengi juu ya nguvu zilizomo ndani. Wazee wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Somo limekwisha. Hatukuliazima neno la Kiingereza kushika sentensi mbili pamoja.

IV. Istilahi si orodha

Lakini tusijisifu kabla ya wakati, maana yapo madhara yatokayo kwa marafiki. Wapo wenzetu wanaodhani kwamba kuendeleza lugha ni kuketi na kamusi ya Kiingereza na kuandika, mbele ya kila neno, neno la Kiswahili lililo karibu, bila kuuliza kitu chenyewe ni nini. Kwa njia hiyo hupatikana orodha ndefu ambazo hazimfundishi mtu yeyote.

Chukua tendo la elektroni kupokea mawimbi yalingamanayo nayo. Tumesikia likiitwa mwangwi. Hilo ni kosa. Mwangwi ni sauti iliyogonga mlima ikarudi. Huhitaji ukuta, wala hauchagui masafa. Elektroni hairudishi kelele: huitwa kwa jina lake, nayo huitika. Katika ngoma zetu wapo waimbishaji na wapo waitikiaji, na kiitikio huja mahali pake, si kila mahali. Kwa hiyo sisi twasema mwitikio, na njia nzima ya Zavoisky twaiita mwitikio wa spini za elektroni.

Chukua mpangilio wa juu na chini. Baadhi huuita usumaku kinzani. Neno ni zuri, lakini tayari kuna kitu kingine kinachostahili jina hilo: ile tabia dhaifu ya vitu kama bismuthi kuukataa uga wa sumaku uliotoka nje. Hicho ndicho kinachokinza. Spini za oksidi ya shaba hazimkinzi mgeni. Zimepeana visogo zenyewe kwa zenyewe. Tuseme basi usumaku-kinyume, na kinzani kikae mahali pake.

Na spini je? Wako watakao iitwe mzunguko, na wako watakao jina la pia, ule mchezo wa watoto. Twawapinga wote wawili. Elektroni haizunguki kama pia. Atakayefundishwa hivyo atalazimika kufundishwa upya baadaye. Hapa kukopa ni bora kuliko kubuni, na neno lililokopwa likitamkwa Kiswahili na kupatanishwa Kiswahili huwa letu. Waliokopa kabla yetu hawakuona haya. Elektroni ni neno la Kiyunani lenye maana ya kaharabu, ile utomvu uliogeuka jiwe, ambayo ikisuguliwa huvuta vijiti vya majani. Nasi neno kaharabu tunalo katika kamusi zetu. Waingereza hawakuwa na jina lao la elektroni. Walienda kuazima, na hakuna aliyewaambia kwamba lugha yao haifai kwa fizikia.

V. Majibu kwa wapinzani

Wapo wasemao kwamba msamiati haupo. Na waifungue Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990. Kasoro zake twaweza kuzijadili, kama tulivyofanya hapo juu. Lakini kasoro za kitabu kilichopo si ushahidi wa kitabu kisichokuwapo.

Wapo wasemao kwamba Tanzania ilijaribu ikashindwa. Hiyo si kweli. Tanzania imefundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967, sayansi ikiwamo. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi shule za sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Jambo ambalo halikutendwa haliwezi kuitwa jambo lililoshindwa.

Wapo wasemao kwamba Uganda ina kisa chake na Kiswahili, na hapa twawasikiliza kwa heshima. Ni kweli kwamba amri iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973 ilitoka kinywani mwa Idi Amin, na kwamba raia wengi waliisikia lugha hii kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Machungu hayo hayafutwi kwa hotuba. Lakini Katiba yenyewe, kwa marekebisho ya 2005, ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya nchi. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ikiwa ni hivyo, njia bora ya kukisafisha Kiswahili na harufu ya baruti ni ipi? Ni kukisikia kikimweleza mtoto jinsi ulimwengu ulivyoumbwa. Lugha iliyofahamika kwa kutoa amri na ifahamike sasa kwa kutoa maarifa.

Wapo, mwisho, wasemao kwamba mtoto akisoma fizikia kwa Kiswahili atafungiwa nje ya dunia. Hatusemi Kiingereza kifukuzwe, wala Kinyankore kisahaulike. Mtoto na asome Kiingereza, tena akisome vizuri kuliko asomavyo sasa. Tunachokikataa ni kumwadhibu kwa kutokijua kwa kumnyima na fizikia pia. Zavoisky alifikiri kwa Kirusi, Néel kwa Kifaransa. Dunia haikuwafungia mlango. Aliyeielewa bembea kwa lugha yake hujifunza jina lake la kigeni kwa siku moja. Aliyekariri jina la kigeni asielewe bembea, hata miaka kumi haimtoshi.

VI. Tufanye nini

Hatuna budi kutoka katika maneno na kuingia katika matendo. Kwanza, kila mwalimu wa Kiswahili katika shule zetu na aketi na mwalimu wa fizikia wa shule hiyo hiyo, mara moja kwa juma, waeleze mada moja kwa Kiswahili kinachoeleweka. Istilahi zitoke katika maelezo, si maelezo katika istilahi. Pili, jarida letu hili litenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa somo la sayansi, na wasomaji waruhusiwe kulikosoa bila huruma. Tatu, katika shule za Nakivale mtoto aliyetoka katika elimu ya Kifaransa apimwe hesabu na sayansi kwa Kiswahili kabla ya kupangiwa darasa, ili akae pale akili yake ilipofika. Jambo hili la tatu halihitaji jengo wala mashine. Lahitaji mwalimu mmoja, karatasi moja, na mkuu wa shule asiyekuwa na kasumba.

Nne, na hili twaliwaelekea wenzetu wa Kiswahili hasa: tuache kuiogopa maabara. Mwalimu wa lugha asiyejua kwa nini waya wa shaba huwa mweusi motoni hawezi kuitetea lugha yake mbele ya anayejua. Kuuliza si ujinga, na mwalimu wa fizikia yuko chumba cha pili.

Na atakayesimama tena katika mkutano kutuambia kwamba fizikia haisemeki kwa Kiswahili, tutamwomba kitu kimoja tu. Asome sehemu ya tatu ya makala haya, kisha atuoneshe ni sentensi ipi ambayo mwanafunzi wa Nakivale hawezi kuielewa.